Matt Talbot wa Dublin: Mlevi Aliyekuta Milango Wazi

Katika parokia zetu ni vigumu kupata jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo isiyoijua huzuni ya ulevi. Yupo baba ambaye mshahara wake huishia kilabuni kabla haujafika mezani kwa watoto. Yupo kijana aliyeanza kwa kuonja tu, na leo hawezi kuamka bila kunywa. Yupo mama ambaye amesali novena nyingi kwa ajili ya mwanawe hata amechoka, na sasa anaona haya kumtaja jina lake mbele ya jumuiya. Watu hawa wote wanabeba swali moja moyoni: je, mtu aliyefungwa na pombe anaweza kufunguliwa? Nasi tulio majirani zake tunalo swali letu: je, sisi tunapaswa kumfanyia nini?

Kanisa linatuwekea mbele ya macho maisha ya mtu mmoja ambaye majibu ya maswali hayo mawili yanaonekana ndani yake. Hakuwa padre wala mtawa, hakuandika kitabu, hakuanzisha shirika. Alikuwa kibarua wa bandarini na katika yadi ya mbao, mtu ambaye kwa miaka kumi na sita hivi alikuwa mlevi, na kwa miaka arobaini na mmoja iliyofuata hakuonja tone la pombe. Mtu huyu ni Mtumishi wa Mungu Matt Talbot, wa mji wa Dublin nchini Ireland.

Nyumba na mji aliozaliwa

Matt alizaliwa tarehe 2 Mei 1856. Jina lake la ubatizo ni Matthew, yaani Mathayo, lakini watu wote walimwita Matt. Wazazi wake, Charles na Elizabeth, walijaliwa watoto kumi na wawili, naye alikuwa wa pili. Ireland wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na ilikuwa bado haijapona majeraha ya njaa kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852, pale viazi vilipooza mashambani, watu wapatao milioni moja wakafa, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Wengi waliobaki walikimbilia mijini, na Dublin ikajaa familia zilizobanana katika vyumba vya kupanga, chumba kimoja kikibeba wazazi, watoto, na mara nyingine babu na bibi.

Familia ya Talbot iliishi maisha hayo. Walihama nyumba mara nyingi. Baba alifanya kazi bandarini, naye alikuwa mnywaji. Mama alifanya kazi za kusafisha nyumba za watu ili ziada hiyo ifike mezani. Katika vijana wa kiume wa nyumba ile, karibu wote walikuja kuwa wanywaji, isipokuwa kaka mkubwa, John. Ni vema tuliangalie jambo hili kabla hatujaenda mbele. Matt hakuamka siku moja akachagua ulevi kama mtu anayechagua shati sokoni. Alizaliwa ndani ya nyumba yenye pombe, katika mtaa wenye baa kila kona, katika mji ambamo vibarua walizoea hata kupokea ujira wao ndani ya baa. Tunapomhukumu mlevi wa jirani, tunasahau mara nyingi kuuliza ni njia gani iliyomfikisha hapo.

Chupa ya kwanza akiwa na miaka kumi na miwili

Shule Matt aliipata kidogo sana, kwa Mabruda wa Kikristo. Alikuwa mtoro, na mama alimhitaji nyumbani kutunza wadogo zake. Alipofikisha umri wa miaka kumi na miwili aliacha shule, akaajiriwa kama mtoto wa kutumwa katika kampuni moja iliyojaza pombe kwenye chupa. Humo ndani pombe ilikuwa kila mahali, na mtoto yule alianza kuonja mabaki. Kabla mwaka haujaisha alikuwa akirudi nyumbani amelewa.

Baba yake, ingawa naye alikunywa, alighadhibika. Alimchapa, akamtoa kazini pale na kumtafutia nafasi bandarini, alikokuwa akifanya kazi yeye mwenyewe, ili amwangalie kwa karibu. Lakini kazi yenyewe ilikuwa katika maghala ya kuhifadhia wiski. Kijana alitoka kwenye bia akaingia kwenye pombe kali. Baadaye, kwa aibu ya kumfedhehesha baba yake, aliondoka bandarini akawa saidia fundi, akiwabebea waashi matofali na udongo. Alikuwa na nguvu na bidii; wasimamizi walimpenda. Lakini Jumamosi, akishalipwa, fedha zote zilikwenda baa, na mama yake alipewa shilingi moja, au hakupewa kitu.

Fedha zilipokwisha alikunywa kwa mkopo. Mkopo ulipokatika aliweka rehani viatu vyake na koti lake. Tendo lililomuuma maisha yake yote lilitokea katika kipindi hicho. Kulikuwa na mpiga fidla maskini, mtu wa mitaani aliyeishi kwa muziki wake. Matt na wenzake waliiba fidla ile, wakaiuza, wakanywea fedha. Walimnyang'anya maskini mkate wake wa kila siku. Hivi ndivyo uraibu unavyofanya kazi: humchukua mtu ambaye kwa tabia yake ni mkarimu na mchapakazi, ukamfikisha mahali ambapo hawezi tena kumwona mwenzake, anaona kinywaji tu.

Katika miaka hiyo hakuacha kabisa kwenda kanisani siku ya Dominika, lakini alikuwa amekaa miaka kadhaa bila kupokea sakramenti. Mwili wake ulikuwa unaingia kanisani, moyo wake ulikuwa umefungwa.

Jumamosi ya mwaka 1884

Mwaka 1884 Matt alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane. Wiki moja hakufanya kazi, na Jumamosi ilipofika hakuwa na senti mfukoni. Akaenda kusimama nje ya baa waliyoizoea, pamoja na ndugu yake, kwa matumaini kwamba rafiki mmoja atamkaribisha ndani. Matumaini yale hayakuwa ya bure kwa hesabu ya kibinadamu, maana yeye alipokuwa na fedha aliwanunulia wote. Vibarua wenzake walitoka kazini na ujira wao. Walipita mmoja mmoja. Wengine walimsalimu, wengine hawakumsalimu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia aingie.

Jambo lile lilimchoma sana. Aliona kwa mara ya kwanza kwamba urafiki aliougharimia kwa miaka kumi na sita haukuwa urafiki. Aligeuka, akaenda nyumbani. Mama yake alishangaa kumwona amerudi mapema tena hajalewa. Baada ya chakula alimwambia mama kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama Elizabeth hakurukaruka kwa furaha. Alikwisha kuona ahadi nyingi zikivunjika katika nyumba ile. Alimwonya mwanawe asiende kuahidi kitu mbele ya Mungu kama hana nia ya kukitimiza. Alipoona ameshika njia, alimwombea Mungu ampe nguvu ya kuishika.

Matt alikwenda hadi Chuo cha Msalaba Mtakatifu, Clonliffe, seminari ya jimbo kuu la Dublin. Alimkuta padre, akaungama, na akaweka ahadi mbele yake. Kesho yake, Dominika asubuhi sana, alikwenda Misa akapokea Ekaristi Takatifu.

Ahadi ya miezi mitatu

Ndugu zangu, angalieni sana kipimo cha ahadi ile. Matt hakuahidi maisha yake yote siku ya kwanza. Aliahidi kukaa miezi mitatu bila pombe. Hata miezi hiyo mitatu ilimwonekea kama mlima, na katika siku ngumu alimwambia mama yake kwamba muda ukiisha tu atarudi kunywa. Ulipoisha, alikwenda akaongeza muda. Ulipoisha tena, akaahidi daima.

Wale wanaowasaidia waraibu leo wanaijua hekima hii. Mtu aliyezama hawezi kubeba uzito wa miaka thelathini ijayo. Akiambiwa asinywe maisha yake yote anakata tamaa kabla ya kuanza. Lakini anaweza kubeba siku ya leo. Miaka kumi baada ya kifo cha Matt, mwaka 1935, kilianzishwa huko Marekani chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho wanachama wake husaidiana kuacha pombe siku moja baada ya nyingine, hukiri udhaifu wao mbele ya wenzao, na hufanya malipizi kwa wale waliowadhulumu. Matt alikuwa ameyatenda mambo hayo yote nusu karne kabla yao, bila mtu kuyaandika kama kanuni.

Miezi ile ya kwanza ilikuwa vita. Mwili uliozoea pombe kwa miaka kumi na sita ulidai haki yake. Saa ngumu kuliko zote ilikuwa jioni, baada ya kazi, ambapo miguu ilijua yenyewe njia ya baa. Matt aliibadilisha njia. Alitembea mitaa mingine, na alipochoka aliingia katika kanisa lolote alilolikuta wazi, akapiga magoti, akakaa humo mpaka saa ya kulala. Inasimuliwa kwamba siku moja alishindwa, akaingia baa akiwa na fedha mfukoni, akasimama kaunta, na mhudumu, kwa wingi wa wateja, hakumjali. Akatoka, akaenda kanisani. Tangu siku ile aliamua kutotembea na fedha, ili kishawishi kikija kisimkute na njia ya kununua.

Inasimuliwa pia kwamba asubuhi moja alikwenda kupokea Ekaristi, na ndani yake ikaja sauti ya kukata tamaa ikimwambia kwamba anajisumbua bure, kwamba atarudi tu kwenye pombe. Alitoka kanisani, akajaribu kanisa jingine, na hali ikawa ileile, mpaka alipojitupa chini mbele ya mlango akamwomba Mungu na Mama Maria wamwokoe. Ndipo hali ile ilipomwacha. Wanaopitia sonona au mapambano ya uraibu wataitambua sauti hiyo. Mtu akiisikia ndani yake, asifikiri kwamba imani yake imekufa.

Watu waliosimama naye

Mara nyingi maisha ya Matt Talbot husimuliwa kana kwamba alishinda peke yake kwa nguvu ya mapenzi yake. Huko ni kuyasoma maisha yake nusu. Tukihesabu vizuri, tutakuta milango kadhaa iliyokuwa wazi siku alipogeuka kutoka kwenye mlango wa baa.

Mlango wa kwanza ni wa mama yake. Alikuwa ameibiwa, amefedheheshwa, amekoseshwa usingizi, lakini jioni ile mwana alipata chakula nyumbani na mtu wa kumsikiliza. Mama hakumdanganya, wala hakumfukuza. Baadaye, baba alipofariki, mama na mwana waliishi pamoja mpaka mama alipoitwa na Bwana mwaka 1915.

Mlango wa pili ni wa padre. Kibarua mwenye nguo zilizochakaa alibisha hodi seminarini Jumamosi jioni, na padre akamkuta, akampa muda. Tujiulize sisi mapadre: mtu wa namna hiyo akija ofisi ya parokia saa ambayo si ya ofisi, atakutana na nani?

Mlango wa tatu ni wa makanisa ya Dublin, yaliyokuwa wazi alfajiri kabla vibarua hawajaenda kazini na jioni walipotoka. Bila makanisa hayo, mtu huyu asingekuwa na mahali pa kukaa katika saa zake za hatari.

Mlango wa nne ni wa jumuiya ya waamini. Mwaka 1890 alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, akapata ndugu wa kusali nao na utaratibu wa maisha. Alipata pia mlezi wa kiroho, Padre Michael Hickey, mwalimu wa seminari ile ya Clonliffe, aliyemwongoza kwa miaka mingi. Matt alikuwa hajui kusoma vizuri. Kwa subira kubwa alijifunza, neno kwa neno, akaweza kusoma Maandiko Matakatifu na maisha ya watakatifu, na pale aliposhindwa kuelewa aliomba msaada kwa padre bila aibu.

Kulipa madeni

Toba ya kweli ina mikono. Matt alizunguka kwenye baa alizokopa, akaweka fedha kaunta na kuondoka bila kunywa. Ilimchukua muda, kwa maana ujira wa kibarua ulikuwa mdogo, lakini alilipa.

Deni moja lilimshinda. Alimtafuta yule mpiga fidla katika mitaa ya Dublin na katika nyumba walikolala maskini. Hakumpata kamwe. Mwishoni alitoa fedha ili Misa ziadhimishwe kwa ajili ya roho yake. Hapo tunajifunza kwamba yapo madhara ambayo mlevi hawezi kuyarudisha hata akitaka. Ndoa nyingine haziungani tena, shamba lililouzwa halirudi, mtoto aliyekosa shule amekwisha kuwa mtu mzima. Kanisa halimwambii mtu huyo kwamba hakuna lililotokea, wala halimwambii akae katika majuto mpaka afe. Linamfundisha kulipa anachoweza kulipa, na kukikabidhi mikononi mwa Mungu kile asichoweza.

Kibarua, mtu wa sala

Katika miaka ya 1890 Matt aliingia kufanya kazi katika yadi ya mbao ya kampuni ya T. & C. Martin karibu na bandari, na hapo alibaki karibu maisha yake yote yaliyosalia. Aliamka usiku kusali, akaenda Misa ya alfajiri, kisha kazini. Wenzake walimfahamu kama mtu mchangamfu asiyependa maneno ya matusi, ambaye wakati wa mapumziko hujitenga kidogo nyuma ya mbao na kusali. Hakuwahubiria kwa kelele. Mwenzake aliyepungukiwa alijua kwamba kwa Matt atapata mkopo, na mara nyingi hakudaiwa.

Mwaka 1913 ulitokea mgogoro mkubwa wa kazi mjini Dublin: waajiri waliwafungia nje maelfu ya wafanyakazi waliojiunga na chama chao cha wafanyakazi. Matt alikuwa mwanachama. Alisimama upande wa wenzake, na inasimuliwa kwamba posho aliyopewa na chama aliwagawia wenzake wenye watoto. Kutokana na ujira wake alijinyima sana ili kuwasaidia maskini na misioni, pamoja na misioni ya mapadre wa Ireland huko China. Fedha zilezile zilizokuwa zikiishia baa sasa zilifika upande wa pili wa dunia zikitangaza Injili.

Granby Lane, 1925

Kuanzia mwaka 1923 moyo wa Matt ulianza kuchoka, akalazwa hospitali zaidi ya mara moja. Alipopata nafuu alirudi kazini. Tarehe 7 Juni 1925, Dominika ya Utatu Mtakatifu, alikuwa njiani kwenda Misa katika kanisa la Wadominiko, akapita katika kichochoro kiitwacho Granby Lane, akaanguka na kufa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa. Waliokuwapo hawakumjua ni nani.

Hospitalini, walipoandaa mwili wake, walikuta amejifunga minyororo chini ya nguo, alama ya kujitoa kwake kwa Mungu kwa njia ya Maria. Habari hiyo ndiyo iliyomfanya afahamike mjini na baadaye duniani. Lakini ni lazima tuseme wazi: malipizi ya namna ile alikuwa ameyafanya kwa siri na chini ya uongozi wa kiroho, na Kanisa halimwagizi mraibu yeyote kuutesa mwili wake. Mtu anayetoka katika uraibu anahitaji kwanza kulala, kula vizuri, kutibiwa na kupendwa. Tukimwiga Matt, tumwige katika uaminifu wake wa kila siku.

Alizikwa tarehe 11 Juni 1925, siku ya Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Tarehe 3 Oktoba 1975 Papa Paulo VI aliidhinisha tamko kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha ushujaa, hatua inayotangulia kutangazwa Mwenyeheri. Masalia yake yamewekwa katika kanisa la Mama Yetu wa Lurdi mjini Dublin, na waraibu na familia zao huenda kusali hapo.

Mlango wa parokia yetu

Kuna uzi unaounganisha Dublin ya Matt na parokia zetu. Mwaka 1921, katika mji huohuo, Frank Duff na wenzake walianzisha Legio Maria. Mwaka 1927, miaka miwili baada ya kifo cha Matt, Legio ilifungua hosteli ya Morning Star kwa wanaume wasio na makazi, wengi wao wakiwa wameharibiwa na pombe. Na mwaka 1936 Legio ilimtuma Afrika Mashariki binti mmoja dhaifu wa mwili, Edel Quinn, aliyeeneza utume huo katika nchi zetu mpaka alipofariki Nairobi mwaka 1944. Wanalegio wa parokia zetu, mnapotembelea nyumba za watu wawili wawili, msiiruke nyumba ya mlevi. Hiyo ni sehemu ya urithi wenu.

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tusiligeuze jina la mlevi kuwa kichekesho. Familia yake tusiiache ibebe siri peke yake. Mke anayeishi na mlevi anayempiga anahitaji usalama kwanza. Kumwambia avumilie tu ni kumwacha hatarini, naye ana haki ya kusaidiwa na viongozi wa jumuiya, paroko na dawati la jinsia la polisi.

Tena tufahamu kwamba uraibu ni ugonjwa pia. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, kuona vitu visivyokuwapo, hata kupatwa na kifafa na kufa. Kwa hiyo asifungiwe ndani wala asipelekwe kwenye maombi pekee. Afikishwe kwanza kituo cha afya au hospitali. Wanaotumia heroini, wanaoteswa na hali ambayo vijana huiita arosto, wanaweza kutibiwa kwa methadoni, huduma iliyoanza nchini Tanzania katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011 na ambayo sasa inapatikana katika mikoa mbalimbali. Zipo pia nyumba za upataji nafuu. Kwa magonjwa ya akili tunazo hospitali za rufaa, na Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ni mojawapo ya zinazotoa huduma hiyo. Kwenda huko si kukosa imani. Mungu anayeponya katika kitubio ndiye aliyempa daktari akili na mikono.

Akikutajia mtu kwamba amechoka kuishi, usimkemee na usimwache peke yake. Kaa naye, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, ondoa karibu naye vitu vya kujidhuru, na umsindikize hospitali siku hiyohiyo. Halafu rudi tena kesho kumjulia hali.

Na wewe ndugu unayesoma haya huku umefungwa na pombe au dawa za kulevya, usianze na ahadi ya maisha yote. Anza na ya leo. Mtafute mtu mmoja umwambie ukweli: mama yako, padre, katekista, muuguzi wa zahanati. Badilisha njia ya jioni. Ukianguka, inuka urudi. Mtu yule aliyesimama nje ya baa mwaka 1884 bila senti mfukoni hakuwa bora kuliko wewe.

Tumwombe Mungu, kwa maombezi ya Mama Bikira Maria na kwa mfano wa mtumishi wake Matt Talbot, awafungue waliofungwa, awafariji wanaowangojea nyumbani, na aifanye milango ya parokia zetu iwe wazi jioni watakapobisha hodi. Amina.